Sura ya Sita: Kilo Mbili za Kungu

Nyumba ya Mzee Turki pale Chumbageni ilikuwa imelala usingizi wa mchana, ilhali saa zilikuwa tatu tu za asubuhi. Pazia halitikisiki. Saa ya ukutani imesimama kwenye saa nane ya mwaka asioujua mtu. Paka wa dirishani alipiga mwayo mrefu, Koplo Edgar akaupokea, akapiga wake, akamrudishia paka. Inspekta Semeni Mwinyijuma akavua viatu mlangoni akiwatazama wawili hao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja kumchukua?"

"Tumekuja kuuliza."

"Kuuliza mliuliza juzi. Leo chukueni." Mzee Turki akanyoosha bakora kuelekea jikoni. "Mwanangu kafungiwa nchi ya watu, na aliyemfungisha yumo humo anapika wali."

Sauti ya kizee ikatoka chumba cha pili, nyembamba kama uzi. "Nani hao, Turki?"

"Polisi, mama."

"Wape chai. Polisi hawali wakashiba."

Huyo alikuwa Bi Ghanima, mamaake Turki, miaka themanini na minne, macho yote mawili yana mtoto wa jicho na pua haijanusa kitu tangu ile homa iliyoua kuku wote wa Chumbageni.

Siku nne zilizopita, Wael, mwana pekee wa Turki, aliteremka uwanja wa ndege wa Jeddah akienda umra. Ndani ya sanduku lake maofisa walikuta kifurushi cha kitambaa kilichoshonwa pande zote, na ndani yake kilo mbili za kungumanga. Huku kwetu kungumanga unaikwangua kwenye pilau, kwenye halua, kwenye uji wa mzazi, na hakuna anayekuuliza. Kule kuiingiza ni marufuku, nzima au unga, kwa sababu ukiizidisha inalevya. Kesi ilipangwa Jumapili asubuhi. Ubalozi ulitaka maelezo ya polisi wa Tanga kabla ya saa kumi alasiri ya siku hiyo, Alhamisi, maana Ijumaa na Jumamosi ofisi za kule zimefungwa. Bila maelezo, Wael angesimama peke yake mbele ya hakimu na kilo mbili mezani.

Mzee Turki alikuwa na maelezo yake tayari. Aliyemtega mwanawe ni Shadya, mke wa Wael wa miezi mitano, Mshambaa wa Lushoto ambaye mzee hakuwahi kumtaka.

Jikoni, Semeni aliikalia mbuzi ya kukunia nazi, uso kwa uso na Shadya.

"Kifurushi ulishona wewe?"

"Mimi."

"Kilichomo ulinunua wewe?"

"Mimi, afande."

"Mumeo alijua ni nini?"

"Nilimwambia ni tunda la pwani la watoto, ni amana. Asifungue, na baba asijue."

"Amana ya nani?"

Shadya aliukoroga wali usiohitaji kukorogwa.

"Shadya, mumeo yuko ndani."

"Najua alipo. Nifunge na mimi. Nimeshika msahafu, sisemi."

Edgar alikuwa ameufungua mlango wa uani kutafuta upepo. Uani hapakuwa na kitu ila kamba ya nguo na kisiki kipana cheusi, cha mti uliokatwa zamani sana.

"Mti gani huu?"

"Nilikikuta kisiki," akajibu Shadya. "Nimeuliza mara moja, baba akaondoka mezani."

Juu ya rafu palikuwa na mfuko wa kaki. Semeni aliupindua kiganjani. Zikadondoka kungumanga saba, za kahawia, nzito, na harufu yake ikajaa jiko hata wali ukaona haya.

"Za nyongeza, zilizidi kitambaa," akasema Shadya. Kisha, kwa sauti ya chini, "Hivi hizi ndizo mbaya? Mimi nilidhani ni karanga za pwani."

Semeni akaandika maneno hayo kama yalivyotoka.

*

Kituoni, feni ya ofisi ya upelelezi ilizunguka polepole sana kiasi cha mtu kuweza kuyahesabu mapanga yake na kuyapa majina. Semeni alisoma tena ujumbe wa ubalozi.

"Sikiliza hapa, Edgar. 'Mtuhumiwa anadai alibeba tunda la watoto la kando ya bahari.' Kungumanga inamea wapi?"

"Mlimani huko, Amani. Na Unguja, mashambani."

"Kando ya bahari?"

"Hapana. Na watoto hawali, chungu." Edgar alikuwa ameishika moja ya zile saba, anaikwangua kwa kisu cha bahasha juu ya kikombe chake cha chai.

"Hicho ni kielelezo!"

"Nakipima, afande. Mpelelezi anapima." Akaikwangua hadi ikabaki kama kishikizo cha shati, akaonja, akakunja uso, akamaliza kikombe. "Sioni kitu. Watu wa nchi nyingine wana mambo. Kuna nchi huuziwi bigijii hata uwe na meno ya dhahabu. Kuna nchi wanazima intaneti asubuhi nzima, nchi nzima, ili watoto wasiibe mtihani."

"Na sisi?"

"Sisi tuna sababu."

"Mirungi hapa ni kifungo. Vuka mpaka hapo Horohoro, mtu anatafuna mchana mbele ya askari na kumpa salamu. Jani ni lilelile, Edgar. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mtafunaji." Semeni akasogeza karatasi ya kampuni ya simu. "Siku moja kabla ya safari Shadya alipiga simu mbili. Moja Lushoto kwao. Nyingine kwa huyu."

Edgar akasoma. "Sele wa Moa? Yule wa bodaboda?"

"Yule tuliyemkuta na krimu za kujichubua mara mbili."

"Basi tumempata!" Edgar akasimama, akavaa kofia. "Mtu wa mpakani, mzigo wa marufuku, simu siku ya mwisho. Afande, hii imekwisha kabla ya adhuhuri."

*

Sele alikuwa kijiweni Usagara, amejilaza juu ya pikipiki yake kama mtu aliyejilaza juu ya sofa, na gunia limefungwa nyuma. Alipoona sare akainuka, akawasha, na kabla gia haijaingia Edgar alikwisha lidaka gunia. Pikipiki ikaenda, gunia likabaki, mshono ukaachia. Zikamwagika barabarani chupi na sidiria za mtumba, za rangi zote alizoumba Mungu na nyingine za kiwandani. Sidiria moja nyekundu ilipaa na upepo, ikatua juu ya waya wa umeme, na wapo wa Usagara wanaoapa kwamba kila inapovuma kusi taa za mtaa ule huona haya.

Sele aligeuza mwenyewe akarudi. Hakuna anayeweza kukimbia huku watu mia wanamcheka.

"Nguo za ndani za mtumba," akasema Semeni. "Unajua zimekatazwa?"

"Afande, zimefuliwa!"

"Hayo utamweleza mwingine. Mimi niambie ulimletea nini mke wa Wael."

"Mimi? Nimletee nini?"

"Alikupigia Jumamosi saa nne."

"Ah! Alitaka kupelekwa sokoni. Nikampeleka, nikamsubiri, nikamrudisha. Alitoka na mfuko wa kaki, kaukumbatia kama mtoto. Basi."

"Wewe huvushi kungumanga?"

"Kungumanga nivushe nimpelekee nani? Kenya wanazo." Sele akaanza kuzikusanya zile nguo, anazikung'uta vumbi moja moja. "Halafu yeye hata hakutaka kungumanga. Aliniuliza njiani, 'Kaka Sele, kungu wanauza wapi?' Nikacheka nusura tuangukie mtaroni."

Semeni akaishusha kalamu. "Ulicheka nini?"

"Kungu, afande! Nani ananunua kungu? Kule kwetu Moa miti ya mikungu imejipanga ufukweni, tunda linadondoka lenyewe, watoto wanaliponda kwa jiwe wanakula kile kiini. Halina bei. Nikamwambia, dada, hiyo haiuzwi. Akasema ametumwa kilo mbili, na kama ni kilo basi ni sokoni. Watu wa bara hao, utabishana nao?"

"Tunda la watoto," akasema Semeni taratibu, "la kando ya bahari."

"Ndilo hilohilo." Sele akatazama juu ya waya. "Afande, na ile nikaitungue au ni kielelezo?"

*

Sokoni, Semeni alimwacha Edgar mlangoni, akaivua kofia, akajitanda kanga. Alipita meza tatu za viungo akiuliza hilohilo bila kuongeza neno wala kupunguza. Meza ya kwanza walikuwa hawana. Ya pili walimwambia asubiri mzigo wa Jumatatu. Ya tatu alikuwepo Consolata, mama mnene wa Muheza mwenye vidole vya njano kwa manjano.

"Karibu, mteja wangu. Pilau lipo, masala ya chai ipo."

"Nataka kungu. Kilo mbili."

Consolata hakuuliza swali hata moja. Akazamisha upawa wa bati kwenye kiroba, akapima kungumanga, akamimina kwenye mfuko wa kaki, akakunja mdomo wa mfuko mara tatu.

"Hii ndiyo kungu?"

"Hiyo hapo, mama. Nzuri, ya Amani, haijatobolewa na mdudu."

"Mbona jina umelikata?"

"Jina la nini? Siku nzima nasema pilipili manga, kungumanga, pilipili manga, kungumanga. Ulimi si mashine. Pilipili, kungu, mdalasini, imekwisha. Wenye biashara tunaelewana."

"Na mtu akitaka kungu ile ya mkungu?"

Consolata akacheka mpaka mizani ikayumba. "Ile si ya sokoni, ile ya kuokota! Nikiiuza hapa watanisomea dua."

"Jumamosi alikuja binti wa Kishambaa, mdogo, mweupe, akataka kilo mbili?"

Kicheko kikakatika. "Alikuja. Nikamuuliza mwanangu, una shughuli? Akasema ni zawadi. Kuna nini?"

"Utaandika maelezo, Consolata. Umeuza kitu halali mahali halali, usitetemeke. Ila utaandika."

Nje, Edgar alikuwa ameuegemea ukuta, macho wazi kama samaki wa sinia, anatabasamu.

"Afande," akasema, "umeona mji ulivyo laini leo? Hii barabara inapumua. Nimeisikiliza."

"Kile kikombe cha chai."

"Feni ya ofisini inaitwa Yona. Kaniambia mwenyewe."

Semeni alimshika mkono, akampakia garini, akamfunga mkanda. Sasa aliijua sababu ya lile katazo la kule bila kusomewa sheria. Saa zilikuwa nane na robo.

*

Walipofika Chumbageni jua lilikuwa limemwagika ukumbini kama samli. Semeni hakuketi.

"Mzee, mkamwana wako hakumtega mtu. Alitumwa kungu, tunda la mkungu. Yeye ni wa mlimani, mkungu hajauona, na humu uani palipokuwa na mti pana kisiki. Akaenda sokoni, na sokoni kungu maana yake kungumanga. Mwanao aliambiwa kabeba tunda, ndivyo alivyowaambia wale. Wote wawili wamesema kweli."

"Alitumwa na nani?"

"Hilo ndilo ninalotaka niandike. Bila aliyetuma, haya ni maneno ya mke kumtetea mume. Nani humu ndani anakumbuka ladha ya kungu? Si wewe?"

Mzee Turki akaikaza bakora. "Mimi nimeukata mti ule kwa mkono wangu."

"Basi mimi," ikasema ile sauti nyembamba.

Bi Ghanima alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ukutani. Shadya alitoka jikoni mbio kumshika.

"Bibi, nimeapa, sikusema!"

"Najua, mwanangu. Kiapo nakufungua. Mimi nilidhani wanakuuliza tu maswali ya polisi, kumbe wanakufunga." Akauelekeza uso alikokisia yupo Semeni. "Andika. Nilimwambia kungu. Nilidhani dunia nzima inajua kungu. Kilo nikataja ili asilete ngumi moja ya mtoto. Za kumpelekea mdogo wangu Jeddah. Kaniletea salamu kwa mahujaji, anasema kila usiku anaota anaponda kungu uani kwetu, na kila akitaka kutia mdomoni anaamka. Rahaf ana miaka..."

"Mama!" Bakora iligonga sakafu. "Jina hilo halitajwi humu ndani."

Paka aliruka dirishani akaondoka. Edgar, kwenye kochi, akasema kwa upole kwamba ukuta umesikia.

"Halitajwi humu ndani," akakubali Bi Ghanima. "Shadya, nitoe nje."

Akatolewa. Akaketishwa barazani kwenye kiti cha ukindu, uso kwa barabara. Akavuta pumzi, na yule kizee ambaye kwa miaka kumi hakuwa amesema neno la kuvuka kizingiti akapaza sauti hata muuza kahawa akasimamisha birika hewani.

"Rahaf! Mdogo wangu Rahaf! Mimi ndiye niliyemtumia kungu!"

Semeni akachuchumaa pembeni ya kiti, akaandika yote: siku, saa, maneno aliyomwambia Shadya, kitambaa alichotoa kwenye kasha lake. Bi Ghanima akatia dole gumba. Shadya akatia sahihi.

"Imebaki nafasi moja," akasema Semeni. "Mwenye nyumba anathibitisha kwa mkono wake jina la aliyekuwa apelekewe mzigo, na uhusiano wake. Mzee."

Mzee Turki alikuwa mlangoni, hayuko ndani wala nje. "Mtaje mwingine yeyote."

"Saa tisa na nusu. Nikitaja mwingine ni uongo, na kwa uongo Wael hatoki."

"Aliniahidi ataniita!" Maneno yalimtoka kwa sauti isiyokuwa ya mtu wa miaka hamsini na tisa. "Nina miaka tisa mimi. Alinilea yeye, kaolewa kapelekwa huko, akasema barua moja tu, Turki, niandikie, nitakuita. Nimeandika kumi na saba!"

"Kumi na nane," akasema Bi Ghanima.

Jirani aliyekuwa anaanua nguo alisimama na shuka mikononi kama aliyesahaulika ndotoni na mwotaji.

"Kumi na nane, ukanipa mimi nikutilie posta. Sikutia hata moja. Na yeye alikuita, Turki, mara mbili, na tiketi mara ya pili. Barua nikazitia motoni, chini ya chungu. Nilikuwa na mtoto mmoja, na yeye alikuwa na njaa ya mtoto, na wewe ulikuwa unamwita mama kabla hujaniita mimi." Akaikunja kanga magotini, akaikunjua. "Zile kungu zilikuwa za kumwomba radhi. Na wewe sijui nikutafutie nini. Ukitaka kunikataza na mimi jina, nikataze. Lakini mwandikie mtoto atoke."

Semeni aliitazama saa, hakuitaja.

Hatimaye Mzee Turki akakivuka kizingiti. Akaiegemeza bakora ukutani, akachukua kalamu, akainama juu ya ubao wa Semeni. Hakuuliza herufi. Jina aliliandika kwa mwandiko wa mviringo wa watoto wa darasa la tatu, kila herufi imekaa juu ya mstari wake, mwandiko ambao haukufanana hata kidogo na sahihi yake ya siku zote.

Kwenye uhusiano, fomu ilitaka uhusiano wa mpokeaji na mtuhumiwa. Mzee Turki aliandika: mama yangu.

Semeni aliliona kosa. Akagonga muhuri juu yake vilevile, akapiga picha, akatuma. Saa kumi kasoro dakika sita.